Mzee Elisaria na Nyama Yenye Wekundu Katikati

Mzee Elisaria anauza ndoo na chupa za chai kwa jumla, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na maneno huwagawia wateja bure. Ukimkuta hana kazi atakusimulia habari za kwao Machame: jinsi kila Desemba, wanaume wakishachinja mbuzi, yeye hupokea bakuli la kisusio, ile supu ya damu, na kulimaliza bila kuvuta pumzi. Uongo mtupu. Tangu ujana wake hajameza hata funda moja. Hulipeleka bakuli mdomoni, akajifuta masharubu kwa madaha, kisha akamsogezea shemeji yake, mtu asiyeuliza maswali. Ukweli ni kwamba Elisaria huogopa nyama yoyote ambayo haijachemka mpaka ikaukana mfupa. Hiyo ni siri ya kwanza. Ya pili ni umri. Ana miaka sitini na saba, lakini mtaa mzima unajua ana hamsini na minane, na kila baada ya wiki mbili hupaka nywele rangi ili ziunge mkono ushahidi wake.

Angezeeka salama na siri zake zote mbili kama si Hamdiya. Huyu ni binti wa Kiarabu mwenye duka la jirani, mchapakazi, asiye na mchezo kwenye biashara. Mwaka huu alianza kuuza nyama ya ng'ombe iliyookwa pande zima kwenye oveni, ikapoozwa, ikakatwa kwa mashine vipande vyembamba na kuwekwa ndani ya mkate. Nje ilikuwa ya kahawia, inapendeza. Katikati ilikuwa nyekundu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Akina mama walichungulia kwenye kioo, wakasonya, wakaenda zao. Mzee Mwinyimvua, fundi cherehani wa barazani, alisema ile ni damu, na damu ni haramu. Hamdiya alieleza mpaka koo likamkauka kwamba damu ilishamwagika machinjoni, kwamba ule wekundu ni maji ya nyama tu. Nani amsikilize?

Elisaria akaona nafasi ya kusema, na nafasi ya kusema hajawahi kuiacha ipite. "Wekundu huo ndio unawatisha?" alisema. "Sisi kwetu hiyo tungeiita imeungua."

"Basi nisaidie, Mzee wangu," alisema Hamdiya, akamwekea simu karibu na mdomo. "Sema tena, nirekodi."

Kesho yake asubuhi spika ya dukani kwa Hamdiya iliamka pamoja na mtaa: "Mimi Mzee Elisaria wa Machame. Nyama ya Hamdiya naila hivihivi, na wekundu wake. Njoo ushuhudie." Ikimaliza, inaanza tena. Na watu wa Kariakoo ukiwaambia waje washuhudie, watakuja. Kufikia saa nne walikuwa wamejazana mlangoni, Mwinyimvua mbele kabisa na futi yake shingoni. Elisaria aliitwa, akaja. Akikataa, nyama ya Hamdiya ndiyo imekwisha, na jina lake yeye linaingia kwenye utani wa mtaa mpaka siku ya kuzikwa. Akila, aliona wazi atatapika mbele ya kadamnasi. Mdomo umeponza kichwa.

Hamdiya akamletea kipande kwenye sahani. Elisaria akakitazama, akakohoa, akaanza kutafuta mlango wa kutokea.

"Kwanza tuelimishane," alisema. "Vijidudu je?"

"Vijidudu hukaa nje ya pande, na nje imeungua vizuri," alijibu Hamdiya. "Hii si nyama ya kusaga, kwamba nje imechanganywa na ndani. Na nilichomeka kipimajoto katikati, kikasoma nyuzi sitini."

"Mashine je?"

"Naiosha kwa maji ya moto na sabuni, kila siku."

"Kwa hiyo kila mtu anaweza kula?"

"Si kila mtu. Mjamzito, mtoto mdogo, na mzee wa sitini na tano kwenda juu, hao nawapashia moto mpaka itoe moshi. Lakini wewe bado kijana, Mzee wangu."

Mlango huo ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa ni kutaja umri wake mbele ya watu arobaini. Elisaria alifumbua mdomo, akaufumba. Mungu anisamehe, lakini ningelipa nauli kuiona sura yake wakati ule.

"Na friji?" aliuliza kwa sauti ya mtu anayezama. "Nataka kuona friji. Baridi yake ni nyuzi ngapi?"

"Hazizidi tano," alisema Hamdiya, akafungua ili kumridhisha. Akakisoma kipimajoto cha ndani, akainama kukisoma tena. Kumi na tisa. Akafuata waya wa friji kwa macho mpaka ukutani, akaukuta umelala sakafuni. Kwenye soketi ilikuwa imechomekwa spika. Aliichomeka mwenyewe jana jioni kuijaribu, akasahau, na nyama ikalala kwenye joto la Dar es Salaam usiku kucha.

Hamdiya alizima spika, akachukua pande lote, na vipande, na kile cha kwenye sahani, akavitupa mbele ya wateja wote. Watu wakatawanyika wakisema yule Mchaga anaijua nyama, jamani, ameuliza mpaka akafika kwenye waya. Elisaria alipokea sifa, lakini hazikumshuka kooni.

Kesho yake aliingia kwa Hamdiya kabla hajafungua. "Mwanangu," alisema, "jana sikuwa mtaalamu. Nilikuwa naogopa."

"Nilijua," alisema Hamdiya. "Asiyeogopa angekula, na leo tungekuwa hospitali. Nataka uje unikagulie friji kila asubuhi."

Duka lilipofunguliwa tu, Mwinyimvua akaingia, anataka kuona nyama mpya. Friji ilisoma nne. Hamdiya akakata kipande cha Elisaria, na Elisaria akajikuta akisema, "Changu kipashe moto."

"Kwa nini chako?" aliuliza Mwinyimvua.

"Nina miaka sitini na saba."

Mwinyimvua mwenyewe ana sitini na minne, na kwa miaka kumi na moja kila asubuhi alikuwa akipokea shikamoo ya Elisaria na kuiitikia kwa uzito wote wa mkubwa. Akakunja futi yake polepole, akatazama chini.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba," alijibu Elisaria, nyama mdomoni.