Sefu hakudanganya, namba zake nilizifuta mimi

Akili yangu bado inakataa, jamani. Juzi asubuhi naambiwa kwa simu kutoka Ikola, kule ziwani, "Sefu katutoka," nami najibu, "Sefu yupi?" Kana kwamba ninao wengine.

Kwa wasiomjua: Sefu alikuwa mpimaji wetu wa ziwa. Kila Jumatatu na Alhamisi aliingia Tanganyika na mtumbwi, akashusha kipimajoto kwa kamba, akaandika ubaridi wa maji kwenye daftari. Mimi nakaa Mpanda kwenye kompyuta. Namba zake nilikuwa naziingiza kwenye modeli, yaani ziwa la kwenye kompyuta linaloonyesha dagaa wadogo wanakulia wapi, ili wavuvi wajue ghuba ipi waipumzishe.

Siku ya kwanza kuonana alinicheka hadi akakaa chini. "Dada Kabula, wewe umekulia Magamba kwenye ng'ombe, leo ndo unatuchorea ziwa?" Nikamwambia ng'ombe nao wanakunywa maji. Undugu wetu ukaanzia hapo.

Kila gari la kuja Mpanda lilikuwa na kifurushi cha migebuka mikavu kutoka kwake. Watoto wangu hapa mtaani Kawajense walimwita mjomba wa samaki, na hawajawahi kumwona hata siku moja.

Sasa niseme kilichonileta.

Kiangazi cha mwaka jana Sefu alianza kunitumia namba za ajabu. Maji ya ghuba ya kusini ni baridi sana, wakati modeli yangu inasema yana joto. Kazini kwetu namba inayojitenga na nyingine tunaiita outlier. Nikaifuta. Ikaja nyingine, nikaifuta nayo.

Akanipigia. "Dada, huku upepo wa kusini umekaza. Ukivuma hivi maji ya chini yanapanda na chakula, dagaa wadogo wote wanakuwa kule."

Nikamwambia, kaka, upepo ninao kwenye data na umetulia kabisa.

"Upepo wa wapi huo?"

"Wa kituo cha hapa mjini."

"Dada, upepo wa Mpanda hauvumi huku."

Nyie, kati ya Mpanda na ziwa kuna milima! Kila aliyewahi kupanda gari la kwenda Karema kule ziwani anaijua, matumbo yetu yanaijua. Mimi na digrii yangu nikachukua upepo wa mjini kwa sababu data zake zilikuwa zimekamilika, hazina mapengo ya kunisumbua.

Halafu nikamwandikia meseji ambayo nimeisoma mara nyingi mno tangu juzi: "Kaka, tafadhali usinijazie namba ukiwa umekaa nyumbani."

Hakugomba. Alinitumia video. Nikaona ni kubwa, itamaliza bando, nikasema nitaifungua baadaye.

Ripoti yangu ikaenda, ikisema dagaa wadogo wako kaskazini. Kamati ya wavuvi ikafunga ghuba ya kaskazini, ya kusini ikaachwa wazi, na nyavu zikaingia moja kwa moja kwa dagaa wachanga. Miezi iliyofuata samaki wakaadimika. Kule hakuna anayenijua mimi. Wanamjua Sefu, aliyekuwa anasimama mbele yao na daftari. Wakasema ametudanganya huyu, wengine wakaacha hata kuitikia salamu yake. Nilipomuuliza hali ikoje alisema, "Watu wamekasirika kidogo." Kidogo!

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nafuta video za zamani, simu imejaa. Nikaigusa ile yake. Haina maneno hata moja. Sefu yuko mtumbwini, shati limejaa upepo, mawimbi yanampiga, anainua kipimajoto kukileta karibu na kamera ili namba isomeke vizuri. Nikaangalia saa na tarehe. Saa ileile kituo cha Mpanda kinasema shwari.

Nikatafuta upepo wa ufukweni, nikarudisha namba zake zote. Modeli ikageuka, ikakubaliana naye.

Wiki tatu nilijua, na sikumpigia. Nilijiambia nitakwenda mwenyewe, nimsafishe mbele ya watu wote, kwa slaidi nzuri. Uongo. Niliogopa kutamka "nilikosea", nikawa natafuta ramani nzuri ya kujifunika. Presha ikamchukua nikiwa bado nachagua rangi.

Nilifika Ikola wameshazika. Mkewe akanishika mkono. "Wifi, alikuwa anasema, 'Kama nimekosea, dada Kabula ataniambia.' Na wewe hukumwambia kitu. Kwa hiyo hakukosea, au?"

Pale mkekani walikuwepo walewale walioacha kumsalimia. Wote walinigeukia. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu.

Nikasema, "Tutaongea, wifi." Nikainama, nikalia. Nilikuwa nalia kweli, lakini pia nilikuwa najificha. Mjane ananiuliza kama mumewe alikuwa mwongo, mimi namwambia tutaongea! Nimerudi Mpanda na aibu hiyo na silali.

Basi nasema hapa, na aliye Ikola aipige picha posti hii aipeleke mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki. Sefu alipima vizuri, kila namba. Aliyezifuta ni mimi, na ripoti iliyofunga ghuba isiyostahili niliiandika mimi. Yeye alinionya, nikamwita mvivu. Nimeiomba kamati iitishe mkutano Jumamosi. Nitaanza kwa wifi yangu, nyumbani, kabla sijasimama mbele ya wengine. Sibebi slaidi.

Kaka Sefu, ulisubiri neno moja kutoka kwangu na nilikuwa nalo mdomoni wiki tatu nzima. Ulikuwa sahihi, kaka. Nisamehe kwamba wewe ndiye wa mwisho kuambiwa.

Pumzika sasa. Wenye maswali waje nayo kwangu.