Mvuke wa Mchaichai

Homa imenishika tangu jana. Leo, hapa chumbani kwangu hosteli ya chuo, nilipochemsha majani ya mchaichai, harufu yake ilinirudisha kwenye fleti yetu ya mtaa wa Point, ugenini, nikiwa mtoto mwenye mapengo mawili ya mbele na homa kama hii.

Asubuhi ile Mama alinivalisha gauni la kanisani ili anipeleke kliniki, maana aliamini mtoto aliyependeza hafukuzwi. Nesi hakunitazama mimi. Alitazama karatasi zetu, kisha akapaza sauti, foleni nzima isikie, kwamba sisi wakimbizi tunawamalizia dawa. Mama akanishika mkono tukarudi nyumbani.

Akachemsha mchaichai na majani ya mkaratusi, akaweka sufuria sakafuni, akatufunika wote wawili kwa blanketi zito. Mle gizani mlikuwa na joto la ajabu, jasho linatiririka mpaka mdomoni. Ghafla Mama akaiga sauti ya yule nesi: "We homa, karatasi yako iko wapi? Uko na viza?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa na mvuke. Naye akacheka, blanketi likaporomoka, akalivuta tena juu yetu. Jioni nilikuwa nalilia ugali.

Simu inaita. Ni yeye.

"Ulienda kliniki ya chuo?"

"Nilienda, Mama. Wamenipa dawa."



"Sasa mbona sauti yako iko ndani ya blanketi?"