Nimekuta majina chini ya rangi ya gari la marehemu baba mkwe

Admin, nifiche. Majina mengine nimebadilisha, ila la mke wangu nimeliacha kwa sababu bila hilo hamtanielewa.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, kwetu Tanga, fundi wa kunyoosha bodi za magari hapa Geita, Kalangalala. Nina hasira za karibu na mdomo mrefu, ila wiki hii mdomo umekufa ganzi. Mke wangu anaitwa Shija, Msukuma wa Songwa. Ana mimba yetu ya kwanza.

Baba yake alifariki mwaka huu, akaacha Pijo pikapu iliyokuwa ikiozea uani tangu Shija hajazaliwa. Wadogo zake Shija walitaka kuiuza kama chuma chakavu. Shija akalia mpaka nikaona aibu. "Nitengenezee hilo gari, baba watoto. Ndiyo kumbukumbu yangu." Na cha ajabu, gari hilohilo ndilo lililomponza utotoni. Aliingia kucheza, baba yake, mtu mpole ambaye hakuwahi kumgusa, akamtoa na kumchapa mkanda. Mpaka leo anauliza alikosa nini.

Nikalivuta mpaka gereji. Jamani, kutu! Ukikaa kwenye kiti unaiona ardhi, na milango yote imetoboka chini. Nikakata palipooza kwa grenda, nikachomelea bati jipya, nikaanza kupiga msasa mlango wa dereva. Chini ya rangi ya bluu iliyopakwa ovyoovyo kwa brashi, zikatokea herufi nyekundu: BABA KULWA NA DOTO.

Nikacheka. Nikamwambia mwenzangu Masanja, "Kumbe mzee alinunua gari la mtu!" Masanja hakucheka. Akaweka nyundo chini. "Fundi, mkeo si Shija? Kwetu Usukumani Kulwa na Doto ni mapacha. Anayezaliwa baada yao ndiye Shija."

Mke wangu anajijua ni kifungua mimba, jina karithi kwa bibi yake. Nami kwa kiherehere changu nikampigia mama mkwe. "Shikamoo mama. Hivi Kulwa na Doto ni akina nani?" Simu ikakatwa.

Kesho yake akatokea gereji. Kwa mila yao mama mkwe na mkwe hawakaribiani, hata kutazamana ni taabu, kwa hiyo alisimama upande wa pili wa gari, kitenge usoni, akawa kama anaongea na gari.

"Baba, walikuwa wanangu. Walishikwa na surua. Nikamwambia baba yao atuwahishe hospitali, akasema ashushe kwanza pamba ya watu kiwandani. Aliporudi, Doto alikuwa ameshakata roho. Kulwa akafia humo ndani, njiani."

Mzee akapaka rangi yale majina kwa mkono wake mwenyewe, hakuliwasha tena gari, na akamwapisha mkewe asiyatamke.

"Futa," mama akaniambia. "Shija anampenda baba yake, ndo kwanza amemzika. Na hiyo mimba, ukimshtua je?"

Nikakubali. Ningefanyaje? Nikachukua msasa. Wallahi, nilipougusisha tu kwenye herufi ya kwanza, yule mama alizunguka gari mbio akanishika mkono. Mama mkwe, kunishika mkono! Masanja aligeukia ukutani. Mama akakaa chini kwenye vumbi la kutu, kiganja juu ya mlango, akalia. "Ngoja kwanza, baba. Hakuna mahali pengine walipoandikwa wanangu."

Sasa yuko nyumbani kwangu, na hajaniambia tena nifute wala niache. Shija ananiuliza mama amefuata nini huku na mbona anamkwepa macho. Namdanganya, na yeye si mjinga. Kesho anakuja gereji kuchagua rangi. Mlango nimeufunika turubai.

Nikifuta, Shija atazeeka akidhani alichapwa bure na baba yake, na wale watoto watakuwa hawajawahi kuwepo. Nikimwonyesha, nimemvunjia mama kiapo, nimemharibia marehemu jina, na mimba ikitoka sitajisamehe. Naogopa, jamani, sijawahi kuogopa mlango wa gari maishani mwangu.

Ndugu zangu, na hasa akina mama mliowahi kuzika watoto, niambieni kabla hakujakucha: nifute, au nifunue?