Mjomba Hakuwepo Bergamo

Harufu ya kahawa na mkate unaotoka jikoni ndiyo iliyotufikia kwanza, kabla hatujaliona duka lenyewe. Kulikuwa kunapambazuka katika mji mkongwe wa Bergamo, Italia, ule wa juu mlimani uliozungushiwa ukuta wa mawe. Nilikuwa na miaka tisa, na moyo wangu ulikuwa na tundu. Nikitembea kidogo tu nilichuchumaa kutafuta pumzi, na kucha zangu zilikuwa za zambarau. Sista Agnese, mtawa mzee aliyewahi kuwa muuguzi katika zahanati ya karibu na kwetu Kinyangiri, ndiye aliyenitafutia matibabu huko kwao. Kesho yake nilikuwa nipasuliwe kifua. Lakini asubuhi hii hii ya matembezi, saa nne, mama alitakiwa kutia sahihi karatasi ya kukubali.

Mama hakuwa amelala. Sista alimsikia akizunguka chumbani, akagonga mlango akasema, "Mama Naomi, kama ni kuzunguka, twende tukazunguke nje. Mji huu ni mzuri watu wakiwa bado wamelala." Tukapanda kigari kinachovutwa kwa waya kupanda mlima, mama kafumba macho mpaka juu.

Hofu yake niliijua, maana alinieleza ndani ya ndege, kwa Kinyiramba, kama anavyoelezwa mtu mzima. Kwa ukoo wetu mtoto ana baba yake, lakini jambo zito la mwili wake linataka neno la mjomba. Mjomba akikubali, huchukua maji kinywani na kumpulizia mtoto kifuani, ndipo mtoto aguswe na wengine. Mjomba Mkumbo, kaka mkubwa wa mama, alikuwa amepeleka ng'ombe malishoni Wembere wakati habari ya safari ilipofika. Walimtafuta siku nne hawakumpata, tukaondoka. Baba alikuwa ameridhia. Lakini kama ningefia kule, mama angerudi na maiti ambayo kaka yake hakuulizwa habari zake, na asingekuwa na mlango wa kubisha hodi kwao.

Dukani tuliletewa maziwa ya moto, mikate laini yenye sukari juu, na kahawa kwenye vikombe vidogo mno. Mama alikitazama chake. "Sista, hiki ni cha kuonja, chenyewe kinakuja?" Sista akacheka mpaka akashika meza. "Ndicho chenyewe, mama." Mama naye alicheka, kisha akasimama kama anayeitwa, akakaa, akasimama tena. Mkate wake aliufunga kwenye pindo la khanga. Mimi nilikula wangu wote, na nakiri nilikuwa nautamani na wa kwake.

Tulitembea polepole kwenye vichochoro vya mawe, nyumba zimekaribiana hata mbingu ilikuwa utepe. Mama alinitaka niwaamkie wazee wote tuliokutana nao. "Shikamoo," nilisema, nao walitabasamu tu. Sista akamwambia hawajui kuitikia. "Wasiitikie," mama akajibu, "yeye ameshasalimia." Kwenye dirisha la duka moja tukaona keki za manjano zilizofinyangwa kama ugali, na juu yake ndege wadogo weusi wa chokoleti. "Hee! Ugali umetuliwa na ndege na hakuna wa kuwafukuza," mama alisema, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya mnara. Kila tulipopumzika aliniuliza, "Unaumwa?" na hakungoja jibu.

Tukafika kwenye uwanja wenye bwawa dogo la mawe, simba wa mawe wamelizunguka. Mama aliyatazama maji muda mrefu. Halafu akavua viatu, akaniambia nifungue vifungo vya sweta. Akachota maji kwa kiganja, akayajaza kinywani, akanipulizia kifuani. Yalikuwa ya baridi nikapiga kelele. Mzee aliyekuwa akifagia uwanja akaja mbio na ufagio wake, akimfokea Sista kwa Kiitaliano.

"Anasema utamuua mtoto kwa baridi," Sista alitafsiri. "Anauliza wewe ni nani yake."

Mama alijifuta mdomo. "Mwambie leo mimi ndiye mjomba wake."

Saa nne alitia sahihi. Hakuwahi kuingia darasani. Sista alikuwa amemfundisha kuandika jina lake wiki ile, na herufi zilipanda na kushuka kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Nilipona. Tuliporudi, Mjomba Mkumbo alikaa misimu miwili ya kilimo bila kumsalimia mama, na mama hakumwomba radhi.

Mwaka jana mama alianguka ghafla, tumbo limejaa, hasemi. Hospitali walinipa karatasi asubuhi, apasuliwe. Baba alishafariki na mimi ndiye mtoto mkubwa. Nilisema nawasubiri wajomba, kaka zake, maana ndio wenye neno juu ya dada yao. Walikuwa Kintinku kwenye harusi, nikawapigia simu, wakaniambia nisifanye lolote mpaka wafike. Muuguzi alikuja mara tatu. "Dada, tunachelewa," alisema. Mara ya tatu sikumtazama usoni. Walifika jioni, Mjomba Mkumbo akasema, "Saini," nikasaini. Mama alifariki wauguzi wakiwa wanamwandaa kupasuliwa.

Daktari aliniambia pengine hata asubuhi isingesaidia. Alisema pengine. Ndugu wamenisifu kwamba niliheshimu ukoo, na nimepokea sifa hizo kimya, hata siku ya arobaini. Leo nasema ukweli: sikuwa naheshimu mtu. Niliogopa kulaumiwa. Mama naye aliogopa, tena akiwa peke yake kati ya watu asioijua lugha yao, na hakuwa na simu ya kumpigia yeyote. Mimi nimemaliza darasa la saba, naandika jina langu bila kutetemeka, na siku ile kalamu ilikuwa mkononi mwangu mchana kutwa.