Corona na Mbuzi ya Mujomba

Wakati wa corona, nasikia batu ba inchi zingine balijifunza mambo makubwa: kuoka mikate, kupiga gitaa, kusema Kichina. Mimi nilijifunza kwamba nyumba yangu iko na madirisha kumi na saba. Niliijenga mwenyewe, étage, nyumba ya gorofa, ya pili katika avenue yetu (ya kwanza ni ya mutu mumoja ambaye sitaki kumuongelea hapa), na miaka yote nilikuwa naambia batu kwamba iko na madirisha kumi na mbili. Nilikuwa najipunguzia sifa bila kujua.

Lazima muelewe mimi ni mutu gani. Masomo niliacha mwaka wa tatu wa primaire, sababu mwalimu alikuwa anafundisha polepole sana. Nikaanza kuuza petroli ya taa kwa kikopo, kwa miguu, hapa Butembo. Leo niko na depo ya vitenge, na bale benye diplome banakaa kwenye benchi yangu banangojea niwape kazi. Nifunge macho, uniwekee kitenge mukononi: nitakuambia kama ni cha kweli ao cha kuiga, na kama kilipitia Kampala ao Dar. Kwa vidole tu. Hiyo hakuna chuo inafundisha.

Basi, mupaka wa Kasindi, ule wa kwenda Uganda, ukafungwa, makanisa yakafungwa, masomo yakafungwa, serikali ikasema kila mutu abaki kwake. Sisi ba Butembo na ba Beni tulicheka kidogo. Mikono yetu ilikuwa bado na harufu ya klore, dawa ya kunawa ya wakati wa Ebola. Kunawa mikono tulikuwa na diplome yake tayari, hata mimi. Corona ilitukuta kama mugeni anayefika wakati sahani zimekwisha kuoshwa. Mais kubaki nyumbani, hiyo hatukuwa tumeisoma. Munande, mutu wa kabila letu, akibaki nyumbani muchana, jirani anauliza kama ni malaria ao ni kesi.

Nikabaki. Siku ya tatu nikajua kwamba bibi yangu, mama ya batoto, anaimba akiosha vyombo, na kwamba anaacha kuimba nikiingia. Siku ya tano nikaona mutoto wangu wa ine anaandika na mukono wa kushoto.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu azaliwe, Patron," bibi akajibu. Ananiita Patron akiwa na hasira, na akiwa anacheka pia, na kwa sauti yake huwezi kujua ni ipi.

Ndani ya parsele, kiwanja chetu, kulikuwa na mbuzi vilevile. Kumi na mbili. Binti yangu wa kwanza alikuwa ameposwa na kijana wa Kipese, kule juu kwenye baridi na viazi, na bakwe balileta mahari siku mbili tu mbele ya mikusanyiko kukatazwa. Kwetu mahari ni mbuzi, na mbuzi hizo hazibaki kwa baba wa binti. Zinagawanywa, kila mukubwa wa familia anapata yake, mbele ya batu bengi na kasiksi, pombe ya ndizi. Sasa ugawanye na nani? Familia yote ilinitumia salamu kwa simu na kuniachia mbuzi. Mimi mwenye étage nikawa muchungaji.

Kati ya zile kumi na mbili, moja haikuwa kama zingine: ile ya mujomba. Mujomba ni kaka ya bibi yangu, anauza mbao kule Beni. Mbuzi yake inapaswa itoke kwa bakwe, ipite mukononi mwa baba wa binti, imufikie ikiwa hai, na miguu yake yote ine. Akiisha kuipokea, anaweka mukono juu ya kichwa cha binti, na binti anaweza kwenda kwa bwana yake. Bila ile mbuzi hakuna ndoa, hata kama padri amekubali, hata kama bourgmestre wa serikali amepiga muhuri. Na binti yangu alikuwa amemungojea yule kijana muda murefu: kwanza vita, kisha Ebola, sasa corona. Kila asubuhi alikuwa anapelekea mbuzi ya mujomba maganda ya viazi mbele ya zingine, na anaisemesha kwa adabu kama mutu mwenye kusemesha afisa wa visa.

Pasaka ikafika. Kanisa lilifungwa, mais tumbo halikufungwa. Nilikuwa nimejinunulia mbuzi yangu ya nyama, kahawia, na alama nyeupe kwenye uso, nikaiingiza pamoja na zile za mahari. Asubuhi ya Pasaka bibi alienda kutafuta unga, binti alienda kuteka maji. Muchinjaji alikuwa amejifungia kwake sababu ya corona. Nikasema: mimi niliyejenga étage, nishindwe na mbuzi? Nikaingia, nikaona kahawia, nikaona alama nyeupe, nikakamata. Nikafanya kazi safi kabisa. Bibi aliporudi, nyama ilikuwa imekatwa na ngozi imekunjwa. Alinisifu hata. Ile siku ningeiandika kwenye ukuta.

Tukala. Nilikula vizuri sana, siwezi kudanganya. Nilikuwa bado naeleza batoto namna ya kutenganisha paja bila kuvunja mufupa, wakati binti yangu alitoka inje na maganda yake. Akarudi akasimama mulangoni, sahani bado imejaa.

"Papa, ya mujomba iko wapi?"

"Iko na zingine."

"Hapana. Kahawia iko moja tu, na ni ile yako."

Batoto bakaacha kutafuna.

"Zote mbili zilikuwa kahawia," nikasema. "Zote mbili na alama nyeupe. Mutu yeyote angeweza..."

"Ya mujomba ilikuwa jike!" bibi akapiga kelele. "Yako iko dume! Umeichinja, umeichuna, umeikata vipande, na hukuona? Wewe mwenye kujua kitenge kwa kidole?"

"Kwenye kitenge hakuna jike na dume," nikasema.

Hakuna mutu alicheka. Binti yangu aliweka sahani chini, akaingia chumbani mwake, na hapo njo nilijua kwamba mulango ule uko na ufunguo.

Nikapigia mujomba simu, haut-parleur, wote basikie, bibi amekaa mbele yangu kama juge mwenye kukata kesi. Nikaanza kwa hekima: kwamba kuna mbuzi nyingine hapa, kubwa zaidi, nzuri zaidi, na namutumia hiyo.

"Inatoka kwa nani?" akauliza.

"Kwangu."

"Kwako? Bon. Donc ni wewe unaoa binti yako?"

Bibi akaangalia juu kwenye plafo.

"Shemeji, ile ya bakwe iko wapi?"

"Tuliikula."

"Mulikula mbuzi yangu."

"Haikuwa kusudi."

"Na bugali?"

"Na bugali."

Akakohoa. Siku zile kukohoa kwenye simu kulikuwa kunatisha hata mutu wa mbali. "Basi, shemeji," akasema, "mutoto atabaki kwako. Étage iko kubwa, nafasi haikosekani. Mimi mukono wangu nauweka mufukoni." Akakata.

Zile mbuzi kumi na moja zingine za mahari, kila moja ilikuwa na mwenyewe wake tayari. Ilibaki njia moja tu, na ilikuwa inapanda mulima: kwenda Kipese kuomba bakwe mbuzi ya pili. Mimi, kuomba! Mara ya mwisho niliomba kitu nilikuwa na miaka kumi na moja, na kitu chenyewe kilikuwa kile kikopo. Nikavaa viatu vyangu vya Dubai, nikafunga kashene mupya puani na mudomoni, nikawasha gari. Barriere ine barabarani, klore mara ine, kipima-joto kwenye uso mara ine. Kati ya barriere na barriere nilitengeneza uongo muzuri: nitasema mbuzi ilikufa.

Baba ya kijana alikuwa ndani ya shamba la viazi. Hakuacha jembe. Alinionyesha kwa kidevu mahali pa kusimama, mita mbili, kwenye matope.

"Mukwe, nimekuja na huzuni," nikasema. "Ile mbuzi ya mujomba ilikufa."

Akasimama wima. "Ilikufa? Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Bila kuugua?"

"Ghafla tu."

Hapo nilikosea kama mutu asiye wa kwetu. Nyuma ya Ebola, hakuna mutu wa huku anasema munyama alikufa ghafla. Mukwe alitupa jembe, akarudi nyuma hatua tano, akaita bibi yake afungie mbuzi zote ndani, akatoa simu mufukoni.

"Naita ba riposte ya Ebola," akasema. "Bakuje na mavazi yao meupe, bapulize dawa. Nani aliigusa? Nyumba yenu itafungwa siku makumi mbili na moja! Na kijana wangu alikaa karibu na binti yako!"

Nikaona ndoa inaondoka kabisa, na mimi nyuma yake, ndani ya gari nyeupe.

"Ngojea, mukwe! Haikuugua. Niliikula."

Kidole chake kikasimama juu ya simu.

"Ulikula mbuzi ya mujomba?"

"Nilifikiri ni yangu. Yangu ilikuwa dume."

"Na hukuona kwamba..."

"Sikuangalia huko."

Mukwe alikaa chini kwenye tuta la viazi. Alicheka hadi bibi yake akatoka mbio akifikiri ni corona. Akamueleza kwa Kinande, kwa sauti iliyovuka bonde, na ng'ambo ya bonde mutu mwingine akaanza kucheka. Alipoweza kusema tena, akajifuta macho.

"Nitakupa ingine. Mais utaikamata wewe mwenyewe. Na jike, mukwe! Jike!"

Kilima chote kilitoka kuangalia, kila mutu mita mbili na mwenzake; serikali ingefurahi. Kiatu kimoja cha Dubai kilibaki ndani ya matope na kiko kule hata leo. Nilishika mbuzi mara ya ine, kwa tumbo, sisi wawili chini. Mama mumoja muzee akaniambia kwa upole wote, "Iangalie kwanza nyuma, mwanangu, mbele ya kwenda."

Kwenda Beni ilihitaji karatasi ya ruhusa siku zile, na hali ya barabara ile kila mutu anaijua, sitaiandika. Wiki tatu nililinda mbuzi. Nilijua kwamba inaogopa matone ya kwanza ya mvua, na mvua yenyewe haiogopi. Nilijua kwamba inakula karato ya kufungia vitenge vya kuiga na kuacha ile ya vitenge vya kweli. Donc iko na kichwa cha biashara kuliko makarani wangu. Binti yangu alikuwa analeta maganda na kuondoka bila kunisemesha. Siku ya nane akasema, "Papa, inalalaka upande wa kuume."

"Najua," nikasema.

Akakaa kwenye benchi, karibu yangu, tukaiangalia inavyotafuna. Njo namna tulipatana.

Karatasi ikapatikana. Tulishuka Beni, binti, bibi na mimi, mbuzi nyuma. Mujomba alitungojea katikati ya mbao zake, kashene kwenye kidevu. Hakunisalimia. Alizunguka mbuzi, akainua mukia, akaangalia muda murefu kuliko ilivyohitajika.

"Jike," akasema. "Aksanti."

Akapokea kamba mukononi mwangu. Akanawa kwenye ndoo, akakausha mikono kwenye shati, akaweka mukono juu ya kichwa cha binti. Kugusana kulikuwa kumekatazwa. Hakuna mutu alikumbuka. Alisema maneno ya chini, binti yangu akaanza kulia, na mama yake naye. Mimi niliingiwa na vumbi la mbao machoni. Kule kwake kuna vumbi mingi sana.

Mbele ya saa tisa ya muchana mbuzi ilikuwa ndani ya sufuria. Mimi niliilinda wiki tatu. Yeye alihitaji saa moja. Nilisema kwamba nimeshiba. Mujomba akanisukumia sahani, ini juu ya bugali.

"Kula, shemeji," akasema. "Hii ya leo, mwenyewe njo anakupa."