Umri wa Shangazi

Mpima damu wa zahanati yetu ana vidole vifupi vyenye joto, na kabla ya kuchoma sindano huusugua mkono wako taratibu kama anayeamsha mtoto. Akimpima mtu makovu ya ini, humuuliza umri mara mbili, maana hesabu ya kipimo hicho inautaka. Shangazi, mwenye mafuta kwenye ini, ambaye nilikuwa nimemsindikiza, alijibu, "Hamsini, hata sijafika." Mpimaji akaweka kalamu chini, akangoja. "Mama, hapa tunapima ini, hatutafuti mchumba." Shangazi akanitupia jicho, kisha akamnong'oneza mpimaji sikioni.

Majibu yalipotoka, mpimaji alitusomea kwa sauti: hakuna dalili za makovu. Shangazi akashusha pumzi. Nilipoinama kuiangalia karatasi, nikakuta kidole gumba cha mpimaji kimetua juu ya umri, na wala hakibanduki.