Mnunuzi Aliyeshusha Bei Kalamu Mkononi

Nimejiuliza kwa miaka: anayekataa kupunjwa hulinda haki yake, au tamaa yake?

Leo nimeuza nyumba ya marehemu mama, hapa Shella.

Tulikuwa kwa wakili. Mnunuzi, Bwana Salim, alikwishashika kalamu. Mara akaiweka chini.

"Dada yangu, boriti za dari zina mchwa. Punguza robo, nitie sahihi sasa hivi."

Boriti hizo alizikagua mara tatu! Ila alijua kesho narudi kazini Nairobi.

"Haya," nikasema. "Lakini kwa bei hiyo, kwanza aulizwe jirani."

Kwetu, jirani wa ukuta mmoja ndiye mwenye haki ya kwanza kununua. Bi Zuhura aliiacha haki hiyo kwa kuwa bei ilimshinda. Bei ikishuka, haki yake hurudi.

Salim akacheka. "Mwite!"

Karani akaenda kumwita na kumweleza bei. Chai haijapoa, Bi Zuhura huyo mlangoni, buibui kalivaa nje ndani kwa haraka.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Kwa bei hiyo naitaka hata leo!"

Salim akaidaka kalamu. "Bei ile ile ya kwanza!"

Akatia sahihi. Nimeshinda, marafiki, na furaha yangu siifichi.

Lakini Bi Zuhura aliondoka akiligeuza buibui lake.

Nilimwita apate haki yake, au awe fimbo yangu? Nyinyi mwaonaje? Mimi sijui, kwa kuwa Salim alitia sahihi kabla sijalazimika kujua kama kweli ningemuuzia.